Aombaye Umeneja Aseme Nini Mbele ya Jopo?

Mtu aliyezoea kusimama wima mbele ya afisa wake, akajibu "Ndiyo, Afande" kisha akanyamaza, hushikwa na taabu ya namna yake siku anapoketishwa kitini mbele ya watu 4 wasiovaa sare, na mmoja wao akamwambia kwa upole: "Haya, Mzee, tueleze sifa zako." Mtu huyo amelala mahandakini. Amevuka mito usiku. Lakini swali hilo moja humkausha koo, akatazama dari, akasema kwamba yeye ni mwaminifu na mchapa kazi, akaishia hapo. Nje ya mlango wako wengine 9 wanaongoja zamu, na kila mmoja wao atasema kwamba ni mwaminifu na mchapa kazi.

Katika mji wa Gitega mambo ya namna hii si haba. Tangu sheria ya mwaka 2019 kuufanya mji huo kuwa makao makuu ya kisiasa ya Burundi, na Bujumbura ukaachiwa shughuli za biashara, mtu wa Muyinga anayetafuta kazi ya uongozi hana haja ya kuutazama mwambao wa Tanganyika peke yake. Hushika barabara ya Karusi na bahasha yake mkononi. Ndani ya bahasha mna barua ya maombi, maelezo ya maisha yake, nakala za vyeti, na hati ya kuonyesha kwamba hana hatia mahakamani. Karatasi hizo ndizo zilizomfikisha mlangoni. Zaidi ya hapo haziwezi kumsemea.

Vyeo vyenyewe navyo vimepungua. Mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka 18 kuwa 5, na tarafa 119 zikawa 42. Muyinga, uliokuwa mkoa, ukaingizwa pamoja na Cankuzo na Ruyigi katika mkoa mpya wa Buhumuza. Basi mwenye kukiombea cheo kimoja leo aghalabu hukutana mlangoni na watu ambao jana walikuwa na vyeo vyao wenyewe.

AIBU YA KUJISIFU

Yafaa kwanza ieleweke kwamba ukimya wa msailiwa hautokani na ujinga. Una mizizi katika malezi mema. Katika desturi ya Warundi mtu hakujitangaza kuwa mushingantahe, yaani mmoja wa wale wazee waliopatanisha watu na kuamua mashauri ya kilima. Alitazamwa kwa miaka: anavyoishi na mkewe, anavyonywa pombe asilewe, anavyotunza siri, anavyoamua ugomvi mdogo kabla hajapewa mkubwa. Wazee walipokwisha kuridhika ndipo aliposimikwa hadharani, akala kiapo mbele ya watu wanaomjua, na fimbo iitwayo intahe ikawa alama ya dhamana yake. Sifa zake zilisemwa na vinywa vya wengine. Mtu ambaye angesimama katikati ya baraza na kuanza kuhesabu wema wake mwenyewe, hapo hapo angekuwa amejiondolea sifa ya kusimikwa.

Bibi Ethel Albert, mtaalamu wa Kimarekani aliyefanya uchunguzi nchini humo katika miaka ya 1955 hadi 1957, alichapisha mwaka 1964 makala mashuhuri juu ya usemi wa Warundi. Alieleza kwamba katika mkutano mkubwa wa cheo au wa umri husema kwanza, na anayemfuata huanza kwa kumkubalia yaliyosemwa, kwa kuwa ni mkubwa na anajua zaidi; kisha taratibu, bila kumvunjia heshima, huingiza maoni yake, ambayo pengine ni kinyume kabisa. Usemi wa namna hiyo ni ufundi mkubwa. Mwenye ufundi huo asidhani kwamba hana anachoweza kutumia ndani ya chumba cha usaili, na baadaye kidogo itaonekana jinsi unavyoweza kumwokoa.

Shida ni kwamba jopo la Gitega si wazee wa kilima. Halikumwona mtu akikua. Lina nusu saa tu, na mbele ya kila mjumbe pana karatasi yenye maswali na nafasi za kutia alama, na karatasi hiyo haina mahali pa kuandika alama za unyenyekevu. Kisichosemwa hakipati alama.

Karatasi hizo hazikuletwa kwa ukatili. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walijumlisha utafiti wa miaka 85 juu ya njia za kuchagua wafanyakazi, wakaona kwamba usaili uliopangwa, ambamo wote huulizwa mambo yale yale na kupimwa kwa kipimo kimoja, hubashiri utendaji wa kazi vizuri kuliko mazungumzo ya kiholela. Jeshi nalo lilikwisha kujifunza jambo hilo kwa uchungu. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa wakichagua maafisa kwa mahojiano mafupi, ambayo mara nyingi yalimpendelea kijana wa ukoo bora na shule ya fahari, na wengi wa waliochaguliwa walishindwa mafunzo. Mwaka 1942, kwa kuanzia Edinburgh, zikaundwa bodi mpya za uteuzi. Waombaji walikaa siku kadhaa pamoja, wakapewa mathalan mbao na mapipa, wakaambiwa wavuke kizuizi bila kutajiwa nani ni kiongozi. Wachunguzi walikaa pembeni wakiandika nani amefanya nini.

Nani amefanya nini: hicho ndicho jopo linachotafuta mpaka leo, ila kwa kuwa halina muda wa kuleta mapipa, humwomba mtu asimulie.

RIPOTI YA ASKARI

Achukuliwe mfano wa kubuni. Sajini mmoja mstaafu, mwenyeji wa Muyinga, aliyefanya kazi ya ghala kwa miaka mingi na ambaye alikuwa miongoni mwa askari wa Burundi waliotumwa Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, kikosi ambacho Warundi walianza kujiunga nacho Desemba 2007. Anaomba umeneja wa kituo cha ushirika cha kumenya na kuosha kahawa huko kwao, na usaili unafanyika Gitega. Hana shahada. Washindani wake wawili wanazo.

Kosa la kwanza ambalo sajini huyu angeweza kufanya ni kuondoka nyumbani bila kuifahamu kazi anayoiomba. Kituo cha kahawa hufanya kazi zaidi katika miezi michache, tangu Machi au Aprili hadi Juni au Julai. Mkulima huleta kahawa mbivu alasiri, akiwa ameichuma siku hiyo. Hupimwa kwenye mizani, punje mbovu zinazoelea huenguliwa, na iliyobaki yapasa kumenywa usiku huo huo, kwani ikilala huchacha na ladha yake huharibika. Baadaye huloweshwa, huoshwa, huanikwa juu ya vichanja, na wafanyakazi, wengi wao kina mama, huigeuza na kuichambua siku baada ya siku mpaka ikauke na ganda lake la ndani. Meneja basi ni mtu wa usiku. Ni mtu wa mizani, daftari na fedha za watu. Akichelewa kulipa, mkulima hupeleka mazao kwingine. Mizani ikitiliwa shaka mara moja, habari huzunguka vilima vyote kabla ya jua kuchwa.

Akiyajua hayo, sajini ataona mwenyewe ni lipi katika miaka yake ya utumishi linalohusika na lipi si la siku hiyo. Ulengaji shabaha haulitafuti jopo hilo. Hesabu ya ghala inalitafuta.

Sasa ajibu kwa namna aliyofunzwa jeshini, yaani kwa ripoti. Askari hufundishwa mapema kwamba ripoti haina mapambo: hali ilikuwaje, amri ilikuwa ipi, nini kilifanyika, matokeo yalikuwa nini. Anayetoka doria hamwambii afisa wake, "Mimi ni hodari wa doria." Husema ameona watu wangapi, wapi, saa ngapi. Ni jambo la kushangaza kwamba watu wenye ufundi huo huuacha langoni mwa kambi siku wanapostaafu, wakaanza kusema kwa maneno makubwa yasiyoshikika.

Jibu lake laweza kuwa hivi: "Bwana Mwenyekiti, mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa ghala, mafuta yaliyotoka hayakulingana na daftari. Sikumjua mwizi, na sikumshtaki mtu. Nilibadili utaratibu: mtoaji akatia saini, dereva akatia saini, na mapipa yakapimwa kwa kijiti asubuhi na jioni. Mwezi wa tatu hesabu ikalingana. Nilipohama, aliyenipokea aliendelea na utaratibu huo huo."

Katika maneno hayo hakuna hata sifa moja aliyojipa. Hakusema kwamba ni mwaminifu. Lakini mjumbe anayeshika kalamu amekwisha kuandika uaminifu, na pengine ameandika pia kwamba mtu huyu hakurupuki kushtaki wenzake. Mushingantahe wa kale asingeona haya kuyasema, kwa sababu ni ushahidi, na ushahidi huweza kupimwa: yuko aliyempokea, aulizwe.

Pana tahadhari mbili. Ya kwanza ni neno "sisi". Askari husema "tulifanya", na kwa kuwa kazi ya kikosi ni ya wote, ni haki aseme hivyo. Jopo, hata hivyo, haliajiri kikosi kizima. Yatosha kusema: "Tulikuwa watu 30, kazi yangu mimi ilikuwa chakula na maji." Hivyo wenzake wamepewa haki yao na yeye amejitenga kidogo aonekane. Ya pili ni siri. Idadi ya silaha, njia za msafara, na mpango wa ulinzi wa kambi havisimuliwi mbele ya jopo lolote, na mwenye kuvisimulia ili apate kazi amelionyesha jopo jinsi atakavyotunza siri zao. Magunia ya mchele yanatosha.

LILE ANALODHANI SI SIFA

Mara nyingi jambo kubwa kuliko yote mtu hulisahau, kwa kuwa lilimchosha na hakulipewa nishani. Baada ya Mapatano ya Arusha ya Agosti 28, 2000 na mapatano yaliyofuata, Jeshi la Ulinzi la Taifa na Polisi ya Taifa viliundwa upya mwaka 2004. Katiba ya mwaka 2005 iliweka kwamba kabila moja lisizidi nusu ya vikosi hivyo. Kwenye karatasi hilo ni sentensi fupi. Kwenye bweni lilikuwa jambo jingine: waliokuwa jeshini na waliotoka msituni, ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wakitafutana kwa bunduki, walipaswa kupokezana zamu ya lindo na kulala huku mwenzio yu macho.

Sajini wa mfano huu, tuseme, alikabidhiwa watu 9 wa namna hiyo. Akiulizwa kama amewahi kuongoza watu wasioelewana, ajizuie kujibu "ndiyo, mara nyingi." Aseme kwamba alikuta vyungu viwili mekoni, akaagiza kimoja, kwamba kila lindo alilipanga kwa mtu wa huku na mtu wa kule, kwamba wiki ya pili wawili walipigana kwa ajili ya blanketi, akawaadhibu wote wawili sawasawa, na kwamba ilichukua miezi, haikuchukua siku. Asitaje nani alikuwa wa upande gani. Hana haja ya kusema upande wake mwenyewe, na jopo lenye adabu halitauliza. Kituo cha kahawa hupokea wakulima wa vilima vingi, wenye kumbukumbu nyingi, wakiwa wamesimama mstari mmoja mbele ya mizani moja. Mjumbe yeyote aliyekaa Burundi ataelewa chungu kimoja kinahusiana vipi na mstari huo.

Mwenye shahada anaweza kuwa na elimu kubwa ya uongozi na asiwe na chungu cha kusimulia. Hii haina maana kwamba shahada ni kitu cha kubezwa. Sajini akiulizwa juu ya hesabu za benki asizozijua, jibu la kiungwana ni kusema kwamba hajazifanya, na kueleza nani amekwisha kumwomba amfundishe. Kadhalika akiulizwa udhaifu wake. Wapo wanaofundisha vijana kujibu kwamba udhaifu wao ni kufanya kazi kupita kiasi. Jibu hilo limechakaa, na wasaili hulisikia wakakunja midomo. Mstaafu aseme la kweli lisilomvunja: kwamba alizoea kuamuru, na kwamba kina mama wa vichanjani hawaamrishwi kama kuruti, basi amekwisha kuanza kujizoeza kuuliza kabla ya kusema.

NENO "TU"

Yasemwayo hapa hayawahusu wanaume peke yao. Katiba ya 2005 iliwawekea wanawake angalau asilimia 30 ya viti serikalini na bungeni, na Katiba ya 2018 haikuiondoa sehemu hiyo. Chini ya ngazi hizo kuu, hata hivyo, mwanamke bado huingia chumbani akiwa na aibu mara mbili: ile ya kila mwenye malezi mema, na ile ya kufundishwa tangu utotoni kwamba sauti yake isipande mbele ya wanaume.

Mke wa polisi wa Gitega, kwa mfano, anaomba umeneja wa duka la ushirika. Anaulizwa alikuwa akifanya nini miaka ile mume wake alipokuwa kazini mbali. Anajibu, "Nilikuwa nyumbani tu." Neno hilo "tu" limemgharimu pengine nusu ya alama zake. Alipokea fedha za mume kwa vipindi visivyo na hakika, akazigawa katika ada, dawa na chakula. Alikuwa mtunza fedha wa kikundi cha kuweka na kukopeshana cha kina mama 25, akashika daftari na ufunguo mmoja wa sanduku. Mwanachama alipokawia kulipa, yeye ndiye aliyetumwa kwenda kusema naye, na akarudi na fedha bila ya kuvunja ujirani. Aseme hivyo, kwa idadi na kwa miaka. Duka la ushirika linataka nini zaidi ya hayo?

MWENYEKITI KIJANA

Limebaki jambo linalowaudhi wastaafu wengi, wala si haki kulifumbia macho. Mwenyekiti wa jopo huenda akawa na umri wa mwanawe mkubwa. Mzee anajiona ametenguliwa daraja, na chuki hiyo huonekana usoni kabla hajasema neno. Hapa ndipo ule ufundi wa baraza unapofaa. Kijana akisema jambo ambalo mzee anajua si sahihi, mathalan kwamba ulinzi wa ghala ni kuongeza walinzi tu, mzee asimkate. Amkubalie palipo na kweli, kwamba walinzi wanahitajika, kisha aongeze taratibu kwamba alipokuwa na ghala, wizi aliouona ulipitia daftarini zaidi kuliko dirishani. Mwenyekiti hakuaibishwa. Jopo limesikia.

Lugha nayo ina neno lake. Usaili waweza kuanza kwa Kirundi, ukaingia Kifaransa, ukarudi. Mtu wa Muyinga mara nyingi hukisahau Kiswahili chake, kwa kuwa alikipata sokoni wala hakukipewa cheti. Lakini mpaka wa Kobero uko jirani, ng'ambo yake ni Kabanga na wilaya ya Ngara ya Tanzania, na Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Meneja atakayeagiza vipuri vya mashine kutoka upande wa pili na kusema na dereva wa lori bila mkalimani ana kitu cha kutaja, na akitaje mapema.

Yote haya hayapatikani ndani ya basi. Usiku wa kabla ya safari, meza ikishaondolewa, sajini aketi na mkewe, na mama watoto awe ndiye jopo. Asimhurumie. Akisikia "mimi ni mchapa kazi" amwulize papo hapo, "Baba watoto, kazi ipi, lini, nani aliiona?" Akisikia habari za Somalia zimefika dakika ya tano bila kufika mwisho, amkatize. Kila simulizi moja isizidi dakika 2. Zikipatikana tatu zilizonyooka, moja ya hesabu, moja ya watu na moja ya siku mambo yalipoharibika, basi karibu kila swali litakaloulizwa Gitega litapata moja ya kulijibu. Mke huyo pia ndiye atakayemkumbusha yale aliyoyasahau, kwani mara nyingi aliyasikia usiku ule ule yalipotokea, katika barua au simu, kabla mwenyewe hajayaona kuwa ni ya kawaida.

Mwisho wa usaili jopo huuliza kama mwombaji ana swali. Wengi hushukuru wakasimama. Wengine huuliza mshahara, swali ambalo si haramu, ila laweza kungojea barua ya kuitwa kazini. Sajini aliyejitayarisha ataweka mikono yake magotini, atamshukuru Mwenyekiti kwa heshima aliyopewa, na atauliza kwa sauti ya kawaida: "Mizani ya kituo ilikaguliwa lini mara ya mwisho, na daftari la msimu uliopita liko kwa nani?"